Hadubini nne kwa maji ya Lamu: ya kukunja, ya mtumba, ya kuchapa na ya kuhesabu

Shule, kikundi cha uhifadhi wa mikoko au watafiti wachanga wanaotaka kuchunguza viumbe vidogo vya maji ya Lamu wana njia nne za kupata chombo. Ipo Foldscope, hadubini ya karatasi inayokunjwa kwa mkono. Ipo hadubini ya kawaida ya maabara iliyonunuliwa mtumba. Ipo OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa printa ya 3D kisha fundi akaunganisha yaliyobaki. Na ipo PlanktoScope, inayovuta maji kwa pampu na kupiga picha kila kinachopita. Michoro ya hizi mbili za mwisho iko wazi kwa yeyote, kwa hiyo ndizo zinazofaa kwa anayetaka kubuni chombo kipya badala ya kutumia tu cha wengine.

Watu huuliza kwanza, "Inakuza mara ngapi?" Swali hilo lisikuongoze. Yanayoamua ni matatu: kitu kidogo kabisa unachotafuta kina ukubwa gani, unataka kukiona au kukihesabu, na chombo kikigoma, nani atakifungua hapo hapo kisiwani. Hili la tatu ndilo zito. Kifurushi kutoka Mombasa hupita barabara ndefu hadi Mokowe kisha kupanda boti, na skrubu moja iliyosahaulika inaweza kusimamisha kazi ya msimu mzima wa kaskazi.

Ukubwa kwanza

Kopepodi aliyekomaa, kiumbe anayeliwa na samaki wengi wachanga, ana urefu wa milimita moja hivi, na lenzi yoyote itamwonyesha. Daiatomu, mwani wa seli moja, nyingi ziko kati ya mikroni 10 na 200. Mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Bakteria wengi wana mikroni moja hivi.

Mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kikomo cha hadubini ya kawaida ya mwanga: chukua urefu wa wimbi la mwanga, ugawe kwa mara mbili ya ile namba ya pili iliyochongwa ubavuni mwa lenzi. Lenzi iliyoandikwa 10/0.25 (ile 10 ni mara inazokuza), kwa mwanga wa kijani wa mikroni 0.55, hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa mikroni 1.1. Ya 40/0.65 hufika mikroni 0.42. Ya 100/1.25, ile ya kutiwa mafuta, hufika 0.22. Ukikuza zaidi ya hapo unakuza ukungu tu.

Basi kwa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, na mabuu ya kaa, lenzi ya 10 na ya 40 zinatosha. Ya 100 ni ya bakteria na vimelea vya malaria, ambavyo vikiwa vichanga ndani ya chembe nyekundu ya mikroni 7 au 8 huwa na mikroni moja au mbili tu. Kama nia ni malaria ya mgonjwa halisi, achana na vyombo vya kujitengenezea. Kipimo hicho ni cha maabara ya hospitali.

Foldscope: nyepesi, lakini usiilazimishe

Foldscope ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, kwa Manu Prakash na wenzake, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2014. Ina uzito usiofika gramu 10, na vifaa vyake wakati ule viligharimu chini ya dola moja. Lenzi yake ni tufe dogo la kioo la milimita 2.4. Hukuza mara 140 na kutenganisha nukta za mikroni mbili hivi. Unaiegesha kwenye kamera ya simu kwa sumaku na kupiga picha. Hiyo ndiyo hadubini ya kuingia nayo kwenye mashua, kwa sababu ikianguka majini hasara yake ni ndogo.

Wenye ari huwaza kuweka tufe dogo zaidi ili ikuze zaidi. Hesabu inawakatalia. Tufe la milimita 2.4 linaacha nafasi ya milimita 0.56 kati ya kioo chake na kielelezo. La milimita 1 hukuza mara 340, lakini nafasi inabaki milimita 0.23. La milimita 0.3 hukuza zaidi ya mara 1,100, na nafasi ni milimita 0.07 tu. Sasa, kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi kina unene wa milimita 0.17. Tufe hilo dogo litagonga kioo kabla ya kuona chochote.

Kasoro inayowapoteza wanafunzi wengi iko kwenye tone lenyewe. Maji ya bahari chini ya kioo cha kufunikia hukauka haraka, na chumvi huganda kuwa vijumba vya pembe nne vinavyong'aa. Wengi huvichora daftarini kama viumbe. Zungushia kingo za kioo mafuta ya Vaseline kwa kijiti cha kiberiti, na tone litadumu muda wa kutosha kuchunguza bila papara.

Foldscope haihesabu. Slaidi husogezwa kwa kidole, na hakuna njia ya uhakika ya kurudi mahali pale pale.

Ya mtumba: nunua lenzi, si mwili

Kwa maoni yetu hii ndiyo ununuzi bora kwa fedha ndogo, mradi ukague kabla ya kulipa. Shule na zahanati huuza hadubini za zamani zenye mwili wa chuma ambazo bado zina miaka mingi mbele yake. Ukaguzi wenyewe ni hivi.

Soma ubavuni mwa kila lenzi ya chini. Unatafuta maandishi kama 40/0.65 na chini yake 160/0.17: 160 ni urefu wa mrija kwa milimita, 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia. Skrubu ya lenzi iwe ya kipimo cha RMS, kipimo cha Uingereza cha tangu mwaka 1858 ambacho bado kinatumika. Hapa ndipo faida ilipojificha: skrubu ya lenzi hiyo hiyo huingia kwenye OpenFlexure. Mwili ukifa, lenzi inahamia chombo kipya.

Kisha fungua lenzi, ielekeze kwenye dirisha, uitazame kwa nyuma ukitumia lenzi ya jicho kama kioo cha kukuzia. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka pembeni, hiyo ni kuvu imeota ndani ya kioo. Kuvu changa husafishika; iliyokaa hula rangi ya juu ya kioo na kuacha alama isiyotoka. Kwa unyevu wa pwani, usinunue lenzi yenye kuvu kwa matumaini.

Zungusha kirungu cha kulenga. Kikiwa kizito, mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda: husafishwa kwa spiriti na kupakwa mpya. Kikizunguka huku meza ikishuka yenyewe, huenda kinahitaji kukazwa, na huenda meno yake yameisha. Taa ya halojeni ya volti 6 ibadilishwe kwa LED. Haipikii kielelezo, na betri ndogo ya sola inaiwezesha.

Kinachoziua zaidi ni maji ya bahari kugusa lenzi ya 40. Mtumiaji anaishusha akiwa anatazama ndani, inazama kwenye tone, anaifuta na kanga, basi. Chumvi inabaki kwenye ukingo wa kioo na kutafuna gundi. Lenzi ishushwe huku ukiitazama kwa ubavuni, kisha ulenge kwa kuipandisha. Ikigusa maji, ioshe mara moja kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa maji safi yasiyo na chumvi, halafu ikauke kabla ya kurudi kwenye sanduku.

Na sanduku liwe la plastiki lenye kifuniko cha mpira, si la mbao, pamoja na vifuko vya silika vinavyobadili rangi vikilowa. Rangi ikibadilika, vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa moja au mbili. Mfuko wa kitambaa uliokuja na hadubini huufanya unyevu ukae, uweke kando.

OpenFlexure: chombo cha kubuni juu yake

OpenFlexure ilianzia Uingereza, kwa Richard Bowman na wenzake, na imejengwa pia Dar es Salaam na Bongo Tech & Research Labs, huku watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakishiriki kuijaribu kwa malaria. Yaani kuna mafundi wazungumzaji wa Kiswahili walioiunganisha tangu chapa za mwanzo, katika hali ya hewa isiyo mbali na yetu.

Ujanja wake uko kwenye plastiki inayopinda. Meza haitelezi juu ya reli. Imeshikwa na miguu myembamba iliyochapwa pamoja na mwili, nayo hupinda kidogo skrubu ya M3 (ya milimita 3) inapozungushwa. Kwa kuwa hakuna kinachosuguana mezani, chumvi na mchanga havina pa kukwama. Mota tatu ndogo za 28BYJ-48, za volti 5, huisogeza milimita 12 kwa 12 kwa pande na milimita 4 juu na chini, kwa hatua zisizofika mikroni 0.1. Kamera ya Raspberry Pi ya megapikseli 8 huchukua nafasi ya jicho, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huendesha kila kitu: inalenga yenyewe, inasogea, inapiga, inaunganisha picha.

Kuchapa ndiko kunakohitaji subira. Tumia uzi wa PLA, aina ya plastiki ya printa, tabaka za milimita 0.2, bila vishikizo vya ndani, yaani nguzo za muda za kushikilia plastiki inapochapwa. Programu ya printa ikijaza vishikizo katikati ya miguu, hutavitoa bila kuivunja. Kabla ya kuchapa mwili mzima, chapa kipande cha majaribio cha mguu mmoja kilichomo kwenye michoro. Kikitoka na nyuzinyuzi kama buibui au kikikatika ukikipinda, sababu kubwa pwani ni uzi uliofyonza unyevu. Utausikia ukipasuka-pasuka ukitoka kwenye pua ya printa. Ukaushe kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa saa nne mpaka sita. Mwili huchapwa kwa saa nyingi bila kukatizwa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati umepoteza plastiki na usiku. Anayechapa Lamu aweke printa kwenye betri na inveta. La sivyo achapishe Mombasa na kusafirisha mwili uliokamilika, jambo ambalo ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ni mwepesi.

PLA ina udhaifu wa pili: hulainika kuanzia nyuzi 60 hivi. Chini ya bati saa nane mchana, au ndani ya sanduku jeusi kwenye mashua, joto linaweza kusogea hapo, na miguu iliyokazwa itapinda na isirudi. Chombo kikishatumika, kikae kivulini, skrubu zikiwa katikati ya mwendo wake.

Vitu vingine vitatu huharibika. Pete za mpira zinazofanya kazi ya springi huchoka na kupasuka, hivyo agiza za Viton, mpira sugu, na uweke za akiba. Nati za chuma cha kawaida huota kutu. Chukua za chuma kisichoshika kutu na upake grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu, la sivyo mota itaruka hatua na picha hazitaungana. Na memori kadi ya Raspberry Pi huharibika umeme ukizimwa ghafla. Hifadhi nakala kamili ya kadi kwenye kadi ya pili tangu siku ya kwanza, na uzime kwa programu kila mara. Pawabenki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 kwenye karatasi, kama 60 baada ya hasara ya kubadili volti; chombo kinachokula wati 7 kitafanya kazi saa nane.

Sasa, kwa nini usumbuke hivi wakati ya mtumba inaona vile vile? Kwa sababu hii unaweza kuibadilisha. Chukua tatizo la tope. Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, humwaga udongo baharini hasa msimu wa mvua, na maji hugeuka ya kahawia. Hata ndani ya mikoko ya Lamu, bamvua likijaa na kutoka huvuruga matope. Chini ya mwanga mweupe, chembe ya udongo ya mikroni 20 na daiatomu iliyofunikwa uchafu hazitofautiani. Lakini klorofili, rangi ya kijani iliyomo ndani ya mwani, ikimulikwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 440 hadi 470 hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 680 hivi. Udongo hautoi.

Kwa hiyo badilisha LED nyeupe kwa ya buluu yenye nguvu, imulike kutoka ubavuni ili mwanga wake usiingie moja kwa moja kwenye lenzi, na weka mbele ya kamera kichujio chekundu kinachopitisha kuanzia nanomita 650. Kamera ya kawaida ina kichujio cha ndani kinachopunguza wekundu wa mbali. Tumia ile ya toleo lisilo na kichujio hicho. Chapa kishikizo kipya cha taa, ongeza muda wa kamera kupokea mwanga, funika chombo chote kwa kitambaa cheusi. Seli hai zitawaka nyekundu na tope litabaki giza. Sampuli iwe mbichi, ya saa chache, iliyokaa kwenye baridi na giza. Ukiitia Lugoli, dawa ya iodini ya kuhifadhi sampuli, kwanza, iodini itaufunika mwanga huo na utaona weusi mtupu. Badiliko hili linagharimu taa, kipande cha kichujio na gramu chache za plastiki, na kwenye hadubini ya dukani ungelazimika kuagiza kiambatisho cha gharama isiyofanana.

PlanktoScope: pale hesabu inapotakiwa

PlanktoScope, pia ya kundi la Prakash na wenzake, ilielezwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2022. Haina slaidi. Pampu huvuta maji kupitia kijia chembamba cha kioo, inasimama, LED inamweka, kamera inapiga, pampu inaendelea. Programu hukata kila kiumbe kutoka kwenye picha na kukipima. Imelengwa hasa kwa viumbe vya mikroni 20 hadi 200.

Ili kujua kama unaihitaji, fanya kwanza hesabu kwa mkono. Wavu wenye mdomo wa sentimita 30 una eneo la mita za mraba 0.0707. Ukiuvuta mita 100 umechuja mita za ujazo 7.07. Ukipata mililita 200 za sampuli, ukatia mililita moja kwenye kisahani cha Sedgewick-Rafter (milimita 50 kwa 20, kina 1, mistari inayogawa vyumba 1,000) na ukahesabu daiatomu 150, basi sampuli nzima ina 30,000, sawa na 4,240 hivi kwa kila mita ya ujazo. Tumia lenzi ya 10: ya 40 haina nafasi ya kuzama kwenye kina cha milimita moja. Kosa kubwa liko kwenye wavu. Wa mikroni 20 huziba haraka kwenye maji ya tope, na ule ujazo wa 7.07 unabaki wa kwenye karatasi. Funga kipima-mkondo mdomoni mwa wavu, au vuta umbali mfupi.

Sampuli ya kuhesabu baadaye tia Lugoli mpaka iwe rangi ya chai ya mkandaa iliyozimuliwa, kwenye chupa ya kioo, gizani. Plastiki hufyonza iodini. Rangi ikipauka, ongeza.

Mtu mmoja aliyezoea anaweza kuhesabu sampuli chache kwa siku kwa njia hiyo. Ukiwa na vituo kumi, vikipimwa bamvua na maji mafu, mwaka mzima, macho yatachoka na hesabu ya jioni haitalingana na ya asubuhi. Hapo ndipo PlanktoScope inalipa.

Lakini ni yenye manung'uniko. Vipovu vya hewa ndiyo shida ya kwanza: maji yaliyotoka kwenye friji yakipata joto hutoa vipovu, na programu huvihesabu kama viumbe vya duara. Acha sampuli ifikie joto la chumba, na jaza mrija polepole kutoka chini. Shida ya pili ni kuziba. Chetoserosi, aina ya daiatomu, wana miiba mirefu inayonasana, na punje moja ya mchanga inatosha kukwama; chuja kwanza kwa wavu wa mikroni 200. Shida ya tatu ni kuacha maji ya bahari ndani baada ya kazi. Kijia kikikauka na chumvi ni cha kutupwa, kwa hiyo kipitishie maji safi mpaka kitoe maji matupu, halafu hewa.

Nani achukue ipi

Shule ya msingi au ya upili: Foldscope kwa kila wanafunzi wawili, na hadubini moja ya mtumba mezani kwa mwalimu. Kikundi cha mikoko kinachotazama mabuu na mwani bila haja ya takwimu: ya mtumba pekee, na kisahani cha Sedgewick-Rafter.

Timu ya Malindi ina nafuu ambayo Lamu haina: barabara. Kilifi, ambako KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome ya Uingereza wana kituo cha utafiti tangu 1989, ni safari fupi, na Mombasa yenye KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) ni siku moja kwenda na kurudi. Inaweza kuthubutu PlanktoScope, kwani kipuri kinapatikana kabla sampuli haijaharibika. Tope la Sabaki ndilo kikwazo chake, kwa hiyo mwanga wa buluu uje kwanza na pampu baadaye. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kipatikane kabla ya wavu kugusa maji, na utafiti wowote rasmi uwe na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi).

Timu ya Lamu inayotaka kubuni, ianze na OpenFlexure moja, si mbili. Fedha ya ile ya pili inunue mota mbili za akiba, pakiti ya pete za Viton, kadi mbili za kumbukumbu, nati na skrubu za M3 zisizoshika kutu, na mwili mmoja wa ziada uliochapwa na kufungwa kwenye mfuko wenye silika. Lenzi za 10 na 40 zitoke kwenye hadubini ya mtumba iliyokwisha kukaguliwa, na mwili wake wa chuma usiuzwe: siku Raspberry Pi ikigoma, lenzi zinarudi huko na kazi ya siku hiyo inaendelea kwa jicho.